Brashi ya Nahodha na Neno la Mwenyeji: Michoro na Shajara za Safari ya HMS Rattlesnake (1846–1850) na Mafunzo Yake kwa Nyaraka za Pwani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kumbukumbu za safari ya HMS Rattlesnake, meli ya upimaji ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza iliyofanya kazi katika bahari za Australia na New Guinea. Nahodha wake, Owen Stanley, aliacha michoro ya rangi za maji. Daktari msaidizi wa meli, Thomas Henry Huxley, na msanii Oswald Brierly waliacha shajara. Hoja kuu ni kwamba manufaa ya kumbukumbu hizo kwa wazawa wa watu waliochorwa hayakutokana na ustadi wa mkono peke yake, bali yalitokana zaidi na kuwapo au kukosekana kwa mtu aliyejua lugha ya wenyeji. Makala yanalinganisha vituo viwili vya safari hiyo, visiwa vya Louisiade na Cape York, kisha yanaonyesha jinsi ulinganisho huo unavyogusa uhifadhi wa kumbukumbu za wanamaji waliopita katika pwani ya Waswahili.

Maneno muhimu: shajara, michoro ya rangi za maji, orodha ya maneno, Kaurareg, nyaraka za pwani

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 16 Oktoba 1849, mabaharia wa HMS Rattlesnake waliokuwa nchi kavu karibu na Cape York, ncha ya kaskazini ya Australia, walifikiwa na mwanamke kijana aliyefuatana na wenyeji wa visiwa vya jirani. Ngozi yake ilikuwa imeungua kwa jua, na Kiingereza alichokizungumza kilikuwa cha kukatikakatika. Alijieleza kuwa ni Mzungu na Mkristo. Jina lake lilikuwa Barbara Thompson. Alizaliwa Scotland, akalelewa Sydney, na kwa takriban miaka mitano alikuwa ameishi miongoni mwa watu wa Kaurareg baada ya chombo alichosafiria kuvunjika katika Mlangobahari wa Torres.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kuokolewa. Kwa mtafiti wa lugha, umuhimu wake uko kwingine. Kabla ya siku hiyo, Rattlesnake ilikuwa imepita kwa miezi katika visiwa ambavyo hakuna aliyekuwa melini aliyeweza kuelewa sentensi moja ya wenyeji wake. Baada ya siku hiyo, kwa wiki kadhaa, meli ilikuwa na mtu aliyeweza kueleza kwa undani maisha, imani na maneno ya jamii moja. Nahodha alikuwa yuleyule, na waandishi wa shajara walikuwa walewale. Lililobadilika ni lugha. Kwa hiyo safari hii inatoa nafasi adimu ya kupima lugha inachangia nini katika kumbukumbu ya kihistoria.

2.0 Safari na waandishi wake

Rattlesnake iliondoka Uingereza mwezi Desemba 1846 ikiwa na watu wapatao 180. Ilipitia Madeira, Rio de Janeiro, Rasi ya Tumaini Jema na Mauritius, ikafika Sydney Julai 1847. Kazi yake ilikuwa kupima njia za meli kati ya bara la Australia na miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, kuchunguza Mlangobahari wa Torres, na kuchora ramani ya pwani ya kusini-mashariki ya New Guinea pamoja na visiwa vya Louisiade. Meli zilizotoka Sydney kwenda India na Uchina zilihitaji njia salama, na miamba ilikuwa imekwisha kuzamisha vyombo vingi.

Owen Stanley alizaliwa mwaka 1811. Baba yake, Edward Stanley, alikuwa Askofu wa Norwich. Owen aliingia Chuo cha Wanamaji cha Portsmouth akiwa mvulana, na kabla ya kupewa Rattlesnake alikuwa amekwisha kusafiri katika barafu ya Aktiki kwenye meli ya HMS Terror (1836–1837) na kuongoza HMS Britomart katika bahari za Australia. Alikuwa mpimaji wa bahari kwa mafunzo na mchoraji kwa mapenzi.

Pamoja naye walikuwapo watu watatu ambao majina yao hayatengani na kumbukumbu ya safari. Huxley, aliyekuja kuwa mwanabiolojia mashuhuri wa Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 21 alipoanza safari. John MacGillivray alikuwa mtaalamu wa viumbe. Brierly, msanii wa mambo ya bahari, alikuwa mgeni wa nahodha na hakuwa na cheo cha kijeshi. Kila mmoja aliandika kwa sababu zake na kwa msomaji wake.

Stanley hakupata nafasi ya kuandika kitabu cha safari hiyo. Alifariki ndani ya meli yake bandarini Sydney tarehe 13 Machi 1850, akiwa na umri wa miaka 38, miezi michache tu baada ya kufiwa na baba yake na ndugu yake Charles. MacGillivray ndiye aliyechapisha masimulizi ya safari, katika majuzuu mawili, mwaka 1852. Michoro ya nahodha ilibaki katika albamu, ambayo sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Jimbo la New South Wales, Sydney. Shajara ya Huxley ilichapishwa mwaka 1935 chini ya uhariri wa mjukuu wake, Julian Huxley. Maandishi ya Brierly kuhusu Barbara Thompson yalisubiri hadi mwaka 1979, yalipotolewa na David R. Moore katika kitabu kuhusu wenyeji wa Cape York. Miaka 130 ilikuwa imepita.

3.0 Brashi kama kifaa cha kazi

Katika karne ya 19 uchoraji haukuwa burudani tu kwa ofisa wa majini. Ulikuwa sehemu ya kazi. Ramani ya bahari huonyesha kina, mwamba na ufuko kana kwamba mtu anatazama kutoka juu, ilhali baharia huiona pwani akiwa usawa wa maji. Kwa hiyo ofisa wa upimaji alitakiwa kuchora pia sura ya pwani kama inavyoonekana kutoka baharini, ikiwa na vilima, rasi na miti mikubwa, ili rubani atakayekuja baadaye aitambue. Chuo cha Portsmouth kilikuwa na mwalimu wa uchoraji, na Stanley alipokuwa mwanafunzi, nafasi hiyo ilishikwa na John Christian Schetky, mchoraji aliyejulikana kwa picha za meli.

Rangi za maji zilifaa kazi hiyo. Kisanduku kidogo cha rangi, maji na karatasi vilitosha. Karatasi ilikauka upesi, na mchoro ungeweza kukamilika meli ikiwa bado imetia nanga. Kamera za wakati huo zilihitaji sahani za chuma, kemikali na utulivu ambao sitaha haina.

Hata hivyo, mafunzo hayo yaliambatana na namna fulani ya kutazama. Mchoraji aliyefundwa kuweka alama za pwani huona vizuri umbo, umbali na chombo kinachoelea. Michoro ya safari hii inaonyesha mitumbwi, matanga, mapambo ya mwili na namna watu walivyokaa au kusimama. Haionyeshi mtumbwi ni wa nani, safari yake ni ya biashara, ya matanga au ya vita, wala aliyesimama gubetini anasema nini. Mambo hayo hayaonekani kwa jicho. Lazima yaulizwe.

4.0 Shajara na sauti zinazopingana

Shajara husaidia pale mchoro unaponyamaza, lakini nayo ina mipaka yake. Huxley aliandika kama kijana mwenye hamu ya kujua na subira ndogo. Alikuwa na hasira kwamba nahodha, kwa tahadhari yake, hakuruhusu kuteremka katika bara la New Guinea, ingawa meli ilipita kwa wiki nyingi mbele ya pwani yake. Kwa upande wa Stanley, tahadhari ilikuwa na sababu. Katika Louisiade, mwezi Julai 1849, mashua za kikosi chake zilishambuliwa na bunduki zikafyatuliwa. Nahodha alikuwa na wajibu wa kurudisha watu wake salama na kuepuka umwagaji damu wa wenyeji.

Msomaji wa leo akiwa na shajara peke yake atamwona Stanley kama mtu mwoga. Akiwa na albamu peke yake atamwona kama mtu mtulivu aliyevutiwa na kila alichokiona. Zikisomwa pamoja, kumbukumbu hizi hurekebishana. Lakini marekebisho hayo yanafanyika ndani ya mzunguko wa watu wa meli ileile. Mwenyeji aliyechorwa bado hajapewa nafasi ya kujibu.

5.0 Louisiade: kuona bila kuelewana

Rattlesnake ilifika Louisiade mwezi Juni 1849. Biashara ilianza upesi: vipande vya chuma kwa viazi vikuu, nazi na vifaa vya mikono. Biashara ya namna hiyo huendeshwa kwa ishara, na ishara zilitosha kwa sababu kila upande uliona mali ya mwenzake. MacGillivray alikusanya maneno, nayo yakachapishwa mwaka 1852 pamoja na maelezo ya mwanaisimu Robert Gordon Latham.

Orodha ya maneno inayokusanywa kwa kunyoosha kidole ina hatari zake. Tarakimu hupatikana kwa urahisi kwa kuwa vidole vinahesabika. Majina ya viungo vya mwili ni magumu zaidi kuliko yanavyoonekana. Katika lugha nyingi za eneo hilo, jina la kiungo cha mwili huambatana na kiambishi kinachoonyesha mwenye kiungo. Mgeni anayegusa pua yake na kuuliza anaweza kujibiwa neno lenye maana ya “pua yako”, kisha akaliandika kama “pua”. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulielewa tatizo hili kwa kufikiria mgeni anayesikia “mwanangu”, “mwenzio” au “babake” na kudhani kila moja ni neno zima lisilogawanyika.

Pamoja na hayo, hata orodha yenye dosari ina thamani. Wanaisimu wamethibitisha kwamba lugha nyingi za Louisiade ni za familia ya Kiaustronesia, isipokuwa ile ya kisiwa cha Rossel, ambayo haina undugu nazo. Familia hiyo inafika hadi jirani mwa Waswahili: Kimalagasi cha Madagaska ni mmoja wa jamaa zake. Watafiti kadhaa wanayahusisha pia matengo ya ngalawa ya Afrika Mashariki na ufundi wa mabaharia wa familia hiyo. Kwa hiyo mtumbwi wenye matengo unaoonekana katika picha ya Louisiade si kitu kigeni kabisa kwa mvuvi wa Kizimkazi au Mafia.

Ila ujuzi huu wote umetoka kwa kulinganisha maneno baadaye. Haukutoka katika kuelewana kwa watu wa meli na wenyeji. Kuhusu walichokifikiri watu wa Louisiade juu ya meli ile, kumbukumbu za 1849 hazina la kusema.

6.0 Cape York: pale lugha ilipopatikana

Hali ilikuwa tofauti Cape York. Barbara Thompson aliiambia meli kwamba mzee mmoja wa Kaurareg, aliyeitwa Piaquai, alimpokea kama binti yake aliyefariki, Giom, aliyerudi kutoka kwa wafu. Ndiyo maana wenyeji walimwita Giom. Stanley aliagiza apewe hifadhi melini, na waliomleta wakapewa zawadi. Wiki zilizofuata Brierly alikaa naye na kuandika aliyoyasikia: uvuvi wa kasa na nguva, misimu ya pepo, ndoa, ugomvi, maziko na mahusiano ya kisiwa na kisiwa. MacGillivray naye alimtegemea kwa orodha yake ya maneno ya Kikaurareg.

Neno moja katika orodha hiyo linastahili kuangaliwa. Neno *markai* lilitumika kwa mzimu wa mtu aliyekufa na pia kwa Mzungu. Kwa msomaji wa haraka, hilo ni jambo la kuchekesha au ushirikina. Kwa hakika ni ushahidi wa fikra iliyopangika. Wageni weupe walitokea baharini bila kujulikana ukoo wao, na jamii iliyopanga kila mtu kwa ukoo ililazimika kuwatafutia nafasi. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya marehemu waliorejea. Kupokelewa kwa Barbara kama Giom kulifuata mantiki hiyohiyo, na mantiki hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Hapa pana tofauti ya msingi kati ya picha na neno. Katika picha za safari, mtazamaji ni Mwingereza na anayetazamwa ni mwenyeji. Katika neno *markai*, mwenyeji ndiye anayemtazama Mwingereza na kumpa jina. Hakuna mchoro wa nahodha, hata uwe mzuri kiasi gani, ambao ungeweza kuonyesha jambo hilo.

Haifai kumfanya Barbara chombo kisicho na kasoro. Alifika kwa Wakaurareg akiwa msichana, na yapo mambo ya wanaume ambayo hakuruhusiwa kuyajua. Aliyoyasema yalipita katika kalamu ya Brierly, aliyekuwa na maswali yake mwenyewe. Lakini alikuwa ameishi ndani ya lugha, na tofauti ya kiasi na ubora kati ya yaliyoandikwa kuhusu Kaurareg na yaliyoandikwa kuhusu Louisiade ni kubwa mno kuelezwa kwa sababu nyingine yoyote.

7.0 Thamani ya kumbukumbu baada ya karne moja na nusu

Ramani zilizotokana na safari za upimaji zilijaza majina mapya. Muralag ikawa Prince of Wales Island, na Waiben ikawa Thursday Island. Safu ya milima iliyoonekana kutoka sitaha ya Rattlesnake, yenye kilele cha mita 4,038, inaitwa hadi leo Owen Stanley. Nahodha aliyeiona kwa mbali bila kukanyaga chini yake ndiye aliyeipa dunia jina la kuitambulisha.

Mwaka 1922 serikali ya Queensland iliwahamisha Wakaurareg kwa nguvu kutoka visiwani kwao hadi kisiwa cha Moa. Baadhi yao walianza kurejea katika miaka ya 1940, wakakaa Ngurupai, ambacho ramani hukiita Horn Island. Mwezi Mei 2001 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitambua haki zao za asili juu ya visiwa vyao. Sheria ya Australia huwataka wadai wa haki za namna hiyo kuonyesha kwamba uhusiano wao na ardhi, kwa mila na desturi zao, umeendelea tangu kabla ya utawala wa Kiingereza. Katika hali hiyo, jina la kisiwa, jina la ukoo na neno la desturi lililoandikwa mwaka 1849 ni zaidi ya udadisi wa kitaaluma. Mandhari ya pwani iliyochorwa kwa ustadi, bila jina la mwenyeji, haiwezi kusema ardhi ile ilikuwa ya nani.

Kwa lugha zenyewe, faida ni ya moja kwa moja. Orodha ya Gudang, lugha ya Cape York iliyoandikwa katika safari hiyohiyo, ni miongoni mwa mabaki machache ya lugha ambayo haina tena wasemaji wa kuzaliwa nayo.

8.0 Mafunzo kwa pwani ya Afrika Mashariki

Pwani ya Waswahili nayo ilipimwa na kuandikwa na wanamaji. William Fitzwilliam Owen aliipima kati ya 1822 na 1826 akiwa na meli za Leven na Barracouta. Mwaka 1824 Mazrui wa Mombasa walipewa ulinzi wa bendera ya Kiingereza, na ofisa aliyeachwa huko, Luteni John James Reitz, alifariki mwaka huohuo. Jina lake limebaki katika Port Reitz. Aliyemfuata, Luteni James Emery, aliandika shajara ya Mombasa hadi mwaka 1826. Wakati Rattlesnake ikiwa Australia, Mfaransa Charles Guillain alikuwa akisafiri katika pwani hii kwa meli ya Ducouëdic (1846–1848), na baadaye akachapisha majuzuu matatu pamoja na albamu ya picha.

Tofauti kubwa na Louisiade ni kwamba Waswahili walikuwa na maandishi yao. Emery alipokuwa akiandika mambo ya kila siku ya Mombasa, Muyaka bin Haji alikuwa katika mji huohuo akitunga mashairi juu ya siasa za Mazrui na Seyyid Said. Pwani hii haihitaji Barbara Thompson. Sauti ya mwenyeji ipo tayari, tena kwa mkono wake mwenyewe, na kinachokosekana mara nyingi ni kuiweka mezani pamoja na shajara ya mgeni. Kutokana na uchunguzi huu, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, picha na shajara za wanamaji zifasiriwe na wasemaji wa lahaja za mahali zilipotokea. Chombo kinachoandikwa katika orodha kama “mashua ya wenyeji” kinaweza kuwa mtepe, dau, betili au ngalawa, na kila jina lina ufundi, mbao, njia na watu wake. Mzee wa Lamu anayejua tofauti hizo ni mtaalamu katika kazi hiyo, na anapaswa kulipwa na kutajwa kama mtaalamu.

Pili, maelezo ya kila kumbukumbu yabebe jina la mahali kama lilivyo katika ramani na jina linalotumiwa na wenyeji, pamoja na matamshi yake. Migogoro ya ardhi ya pwani huanza mara nyingi katika pengo lililo kati ya majina hayo mawili.

Tatu, kazi hii ifanywe kikanda. Safari moja ya Owen inagusa Msumbiji, Tanzania, Kenya na Somalia, kwa kuwa mipaka ya sasa haikuwapo. Kila nchi ikihifadhi kipande chake bila mwenzake, hakuna itakayoisoma safari nzima. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuratibu istilahi za pamoja za vyombo, pepo, bandari na majina ya mahali zitakazotumiwa na hifadhi zote za nyaraka.

9.0 Hitimisho

Owen Stanley alikuwa mchoraji hodari na mpimaji makini, na wanaosafiri katika Mlangobahari wa Torres walifaidika na kazi yake. Hata hivyo, kwa Wakaurareg, sehemu ya safari ile yenye manufaa ya kudumu ilitoka katika mazungumzo ya mwanamke kijana aliyekuwa karibu kuisahau lugha yake ya kwanza kwa kuishi katika lugha yao. Kumbukumbu hizo zilikaa miaka 130 kabla ya kuwekwa wazi. Wazee wanaoweza kutaja kila sehemu ya jahazi lililochorwa katika karne ya 19 bado wapo Lamu, Pemba, Mafia na Kilwa, lakini hawatakuwapo kwa miaka 130 mingine. Uamuzi wa kuwaita wakae mbele ya picha hizo hauwezi kungoja hadi picha zote zipatikane. Uanze na zile zilizopo.